Nyumba Hii Imesikika

Mimi ni Mama Semeni. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo atakayekuta herufi imelala aiinue mwenyewe aendelee. Naandika kwa sababu mkono wangu wa kulia ulifanya jambo, na tangu siku hiyo sina raha nao. Naandika pia kwa ajili ya akina mama wenzangu ambao watoto wao wanashinda kwenye simu wakirushiana nyimbo na picha, na kwa ajili ya wakubwa wanaokaa vikao kuwatafutia watoto hao adhabu. Pande zote mbili mnisikilize, maana niliyoyaona nchi ya Uwenyewe yalianza kwa kikao kama hicho.

Nilifikaje huko si habari. Mwanangu Semeni aliolewa Uwenyewe, akashika mimba, na kwetu Muheza binti hazai uzazi wa kwanza bila mama yake kuwapo. Alitakiwa aje yeye nyumbani, lakini miguu ilimvimba, hakuweza kusafiri. Mumewe alikuwa kazini mbali, huko mipakani. Basi nikafunga khanga zangu, nikaenda mimi.

Kilichonitia wasiwasi kwanza ni salamu. Sisi tunaulizana habari za asubuhi, habari za nyumbani. Wao wanauliza, "Habari za nani?" na unatakiwa ujibu, "Za mwenyewe." Nilimjibu mlinzi wa mpakani, "Nzuri tu, baba," akaniangalia kama mtu aliyemwona mwizi akitoka dirishani.

Huko kila nyumba imeunganishwa na nyingine kwa uzi. Uzi unaingia dirishani, na mwisho wake umefungwa kibuyu kilichotobolewa. Ukisema kwenye kibuyu, au hata karibu nacho, sauti inakwenda nyumba unazotaka na nyingine usizotaka. Kwa uzi huo watoto wanasoma, mgonjwa anasema na daktari, mtu anatafuta kazi, bomba la maji linafunguliwa. Zamani watu walipelekeana nyimbo na hadithi kwa uzi kutwa nzima, kama sisi tunavyopelekeana sahani za futari. Siku hizi kibuyu kimefunikwa kitambaa kizito, na watu wanakaa nacho kama unavyokaa na mbwa usiyemjua.

Sheria yenyewe imebandikwa kila njia panda. Niliisoma polepole, kwa kidole. Kila sauti ina mwenyewe. Sauti ambayo mwenyewe hajulikani ni ya aliyewahi kuiandikisha. Na ya tatu ndiyo ilinikaa rohoni: atakayeadhibiwa ni nyumba, kwa sababu mtu hukimbia, nyumba haikimbii.

Nilipofika kwa mwanangu nikaona vitambaa viwili vyekundu vimefungwa kwenye uzi, pale unapoingilia dirishani.

"Mwanangu, ndiyo unaanika matambara mbele ya wageni?"

"Taratibu, mama," akasema, akakaza kitambaa cha kibuyu. "Hayo ni maonyo. Yamekuja mawili. La tatu haliji kitambaa, unakuja mkasi."

Kila kitambaa kilikuwa na kikaratasi, na kila kikaratasi maneno yaleyale: *Nyumba hii imesikika.*

"Ulifanya nini?"

"La kwanza, mtoto wa jirani alikuwa na kikohozi. Nikamwambia mama yake achemshe tangawizi, akamulie ndimu, atie asali. Kumbe maneno hayo yana mwenyewe."

"Na la pili?"

"Nilicheka."

"Ulimcheka nani?"

"Sikumcheka mtu. Nilicheka tu, mama. Kuna mchekeshaji mmoja ameandikisha kicheko chake. Wasikilizi wakasema changu kimefanana nacho."

Wasikilizi ni watumishi wa serikali. Kazi yao ni kukaa na sikio kwenye nyuzi za watu. Nilitaka kucheka, nikajikuta nimejizuia. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeshaingia Uwenyewe.

"Na mkasi ukija?"

"Uzi unakatwa. Kila sikio lililosikia linahesabiwa siku moja. Yakisikia masikio mia, siku mia nyumba haina uzi." Akashika tumbo. "Mama, mkunga wetu yuko kwenye uzi. Wajawazito ni wengi, hapiti nyumba kwa nyumba. Yeye anasema kwenye kibuyu, wewe unafanya. Uzi ukikatwa kabla sijajifungua..."

 Nilianza kutembea kwa vidole ndani ya nyumba ya mwanangu.

Jirani yetu aliitwa Bi Tunu. Ukuta wa nyumba yake na yetu ulikuwa mmoja, mwembamba, ukikohoa huku anakuambia pole kule. Alikuwa mtunzi wa nyimbo. Siku moja tunachambua mchele uani, kiganja kimoja mdomoni kama walivyozoea kuzungumza, nikamwuliza walikubalije sheria ya namna hii.

"Usituone wajinga, Mama Semeni. Sheria hii tuliiomba. Nilitunga wimbo wa harusi, ukaenda nyuzi zote, wakauimba hata wasiojua kama nipo duniani. Siku moja nimealikwa harusini, nasikia wimbo wangu, na kijana anayeuimba anajitapa kautunga yeye. Nikasema ni wangu. Nikaambiwa nina wivu, bibi kizee. Mwenzangu, iliniuma. Tukaenda serikalini watunzi wote, tukalia. Tuliomba paka wa kukamata panya, wakatuletea chui."

"Lakini sasa wimbo si umekuwa wako?"

"Una mwenyewe. Kuna karatasi nilitia dole gumba, nikidhani naandikisha jina langu. Kumbe nimeutoa." Akapeta ungo, akapuliza makapi. "Sijauimba mwaka wa nane huu. Ukinijia kichwani, nakunywa maji."

Siku tatu baadaye nikafanya kosa.

Ilikuwa asubuhi. Semeni alikuwa ametoka kusema na mkunga, na mkunga alimwambia mtoto amekaa vizuri, wiki hii haivuki. Nikafurahi. Furaha ni kitu cha hatari kwa mtu mwenye mdomo. Nilikaa karibu na dirisha nakunja nepi, na bila kufikiri nikaanzisha wimbo niliombembelezea Semeni mwenyewe, ambao mama yangu alinibembelezea mimi:

"Nani kamliza mwanangu?"

Na Semeni, kule jikoni, akaitikia:

"Si mimi, ni upepo."

Msimlaumu mwanangu. Kwetu mtu akianzisha wimbo, hunyamazi. Kumwachia mtu wimbo bila kuuitikia ni kama kumwacha amenyoosha mkono wa salamu ukampita. Mwanangu alikuwa amekaa Uwenyewe miaka minne, amejifunza kuziba mdomo akicheka, lakini kuitikia hakukumtoka. Tukaenda beti nne. Nani kamuamsha mwanangu? Si mimi, ni upepo. Nani kamnyima maziwa? Si mimi, ni upepo.

Kisha nikaona kitambaa cha kibuyu kiko chini, sakafuni. Semeni alisahau kukirudisha.

Tulinyamaza sote wawili. Kwenye kibuyu nikasikia pumzi za watu. Wengi, jamani, kama watu waliokusanyika nyuma ya pazia. Na kutoka nyumba nisiyoijua, sauti ya ajuza ikanong'ona, "Endeleeni."

Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeitwa barazani.

Baraza lao linaitwa Nyumba ya Masikio. Ukumbi ulijaa watu waliokuja na mashauri yao, wamesimama bila sauti, kila mmoja ameshika kitambaa chake chekundu. Bi Tunu alitusindikiza, akasimama kwenye benchi la nyuma. Mezani alikaa Bwana Sikio, mkuu wa idara, mwembamba, masikio ameyaziba kwa pamba asije akasikia kitu chenye mwenyewe. Kila lililosemwa karani wake alimwandikia.

Karani akasimama. "Kaeni! Kaeni! Kaeni!" Mara mbili za mwanzo hakuna aliyetikisika. Ya tatu ukumbi wote ukakaa kwa pamoja. Semeni akaninong'oneza kwamba ndiyo sheria yao: agizo likitoka mezani mara tatu, kila aliyemo analitii, hata aliyepita njia tu.

"Nyamazeni! Nyamazeni! Nyamazeni!"

Walikuwa wamenyamaza tayari, lakini wakanyamaza tena.

Karani akasoma. Nyumba ya tatu, safu ya mgomba, imesikika ikitoa wimbo wa watoto ulioandikishwa na Wenyewe wa Nyimbo za Watoto. Tena nyumba hiyo ni jeuri. Ilipokuwa ikitenda kosa, msikilizi alisikia sauti ikikana kabla haijaulizwa: *Si mimi, ni upepo.* Mara nne.

"Hicho ni kiitikio!" nikasema.

"Bi mkubwa," akasema wakili wa Wenyewe, kijana mwenye sauti laini, "aliyekana mara nne ana la kuficha."

Kisha wakaingia kwenye hesabu ya masikio. Waliosikia ni watu mia mbili na kumi. Mjumbe mmoja wa baraza akasema mtu ana masikio mawili, basi ni siku mia nne na ishirini. Mwingine akasimama, akasema kwa heshima zote, mtu aliyelala ubavu sikio moja liko kwenye mto, halina hatia ya kusikia. Wakabishana nani alikuwa amelala ubavu asubuhi ile. Katika hao mia mbili na kumi akatajwa kiziwi mmoja wa safu ya mpapai aliyekuwa amekaa karibu na kibuyu. Wakabishana juu yake muda mrefu, tena bila mzaha, mpaka Bwana Sikio akaandika kwamba sheria inahesabu masikio, haihesabu kusikia. Kiziwi akabaki kwenye hesabu na yake mawili.

Wakili akamgeukia mwanangu. "Mimba ina miezi mingapi?"

"Tisa," akasema Semeni.

"Basi masikio yameshaumbika. Mheshimiwa, ongeza mawili."

Karani akaongeza. Mia nne ishirini na mbili. Mjukuu wangu alikuwa hajazaliwa na tayari ameandikwa daftarini kwa kusikiliza.

Nilisimama. Nikasema, "Mheshimiwa, aliyeanzisha ni mimi. Mimi mgeni. Nifungeni mimi, uzi wa mwanangu muuache mpaka ajifungue."

"Nyumba ndiyo iliyosikika," akasema wakili. "Na wimbo huu, bi mkubwa, uliutoa wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Naye?"

"Kwa mama yake."

"Mheshimiwa, naona tunao wezi wa vizazi vitatu."

Hapo nikapandwa na hasira. "Wewe baba, kwenu hamjawahi kuishiwa kiberiti? Kwetu mtu anakuja na kijinga, anaomba moto, anakwenda. Amekuibia nini? Chungu chako si kinaendelea kuchemka?"

Akatabasamu. "Ndiyo maana kwetu, bi mkubwa, kila jiko lina mwenyewe."

Nikakaa. Mwanangu alikuwa ameshika nyonga, amekunja uso, ananiambia hapana, bado, ni uchovu tu. Sikumwamini.

Bwana Sikio akaandika hukumu, karani akaisoma: mkasi, siku mia nne ishirini na mbili, kuanzia alasiri hiyo. Kilichobaki kilikuwa kumwita mwenye nyumba aje aushike mkasi kwa mkono wake, maana huko unakata uzi wako mwenyewe. Hadi hapo jina la mwanangu halikuwa limetajwa ukumbini, ilikuwa nyumba, nyumba tu. Karani akatafuta kwenye karatasi, akavuta pumzi, akaita:

"Semeni!"

Ukumbi kimya.

"Semeni!"

Nikaona watu wanatazamana.

"Semeni!"

Mzee mmoja wa benchi la mbele akainuka, akatoa kiganja mdomoni, akasema kwa hofu, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, "Jino linaniuma tangu mwezi mtukufu."

Mwanamke mmoja akasema, "Mume wangu nilimwita Kisu cha Mama mpaka jina likapata mwenyewe. Siku hizi simwiti kitu."

"Mimi nakijua kitendawili," akasema mwingine. Na mwingine akacheka, kicheko cha tumboni kabisa, hakijafanana na cha mtu. Wote walikuwa wanatii. Serikali imesema semeni, wamesema. Karani akapunga karatasi, "Ni jina! Ni jina la mtu!" lakini nani wa kumsikia? Na kule nyuma Bi Tunu akasimama, akafumba macho, akauimba wimbo wake wa harusi tangu mwanzo hadi mwisho, sauti imeparara kama mlango usiofunguliwa miaka minane.

Bwana Sikio akaona midomo inacheza. Akachomoa pamba aulize kuna nini. Akasikia.

Basi hapo wakakwama. Masikio ya ukumbi mzima yalikuwa yamesikia vitu vyenye wenyewe, pamoja na mawili ya Bwana Sikio, na kila nyumba iliyokuwemo ilistahili mkasi, nyumba yake ikiwemo. Shauri likaahirishwa mpaka masikio yahesabiwe upya. Tukaambiwa uzi wetu usikatwe kwa sasa, lakini msikilizi akae juu yake, mkasi wazi. Sauti moja yenye mwenyewe, na hakuna baraza tena.

Watu walitoka wakicheka chini chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu siku za mwanangu.

Uchungu ulimwanza siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana. Nikafungua kibuyu, nikamwita mkunga kwa maneno yaliyoruhusiwa. Sauti ya mama mtu mzima, imetulia. "Nipo. Mlaze ubavu wa kushoto. Mwambie asisukume mpaka nimwambie." Alituongoza alasiri nzima. Semeni aling'ata khanga yangu ya begani. Hakutoa sauti hata moja, mtoto yule, ili uzi usikatwe. Mimi nimezaa watano, kila mmoja nimemlilia mpaka majirani wakajua. Mwanangu alizaa kimya.

Kabla jua halijazama mtoto akatoka. Wa kike. Akanijia mikononi, anateleza, wa moto.

"Kondo bado," nikamwambia mkunga. "Na damu inatoka, dada. Damu nyingi."

"Usiondoke kwenye kibuyu. Nitakuambia la kufanya. Mtoto amelia?"

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa anakunja uso, anafungua mdomo. Nikakumbuka kicheko cha Semeni kilichofanana na cha mtu. Kilio cha mtoto mchanga kinafanana na vilio vingapi? Akilia tu, mkasi. Mkasi ukifunga, sauti ya mkunga inakwenda, na mwanangu anamwagika damu mbele yangu na mimi sijui la kufanya.

Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe. Ukamziba mdomo.

"Mtoto amelia?" mkunga akauliza tena.  Nilihisi midomo midogo ya mjukuu wangu inatafuta kiganjani mwangu. Rangi ilianza kumgeuka.

"Mama," mkunga akasema, na sauti yake sasa haikuwa imetulia. "Toa mkono. Nasema toa mkono! Kila nyumba naukuta mkono huo. Toa!"

Nikatoa.

Mjukuu wangu akalia. Akalia kama anayedai. Na kibuyu kikafa, hivi hivi, katikati ya neno, mkunga akisema "Sasa weka..." Sikujua niweke nini. Nilikaa na mtoto analia na mama yake ananyamaza, macho yanamlegea, na nikaita jina lake, "Semeni, Semeni," kwa sauti yangu yote, na hapakuwa na mtu kwenye uzi.

Mlango ukafunguliwa. Bi Tunu, mikono imelowa maji ya kuosha vyombo.

"Nimesikia ukutani," akasema.

Akamchukua mtoto akamweka kwenye titi la mama yake. Akaweka kiganja juu ya tumbo la Semeni, akalisugua kwa nguvu, akiinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Alisugua mpaka kondo likatoka, mpaka tumbo likawa gumu chini ya mkono wake. Damu ikapungua. Semeni akafumbua macho, akauliza, "Ni nini?" Nikamwambia, msichana. Ndipo nikalia mimi.

Asubuhi nilikuta kikaratasi kimening'inia kwenye ncha ya uzi uliokatwa. *Nyumba hii imesikika. Kilio kina mwenyewe.*

Arobaini ilipotimia tukaondoka. Mkwe wangu alitufuata baadaye.

Siandiki kutetea wizi. Bi Tunu aliibiwa, na anayekula jasho la mtunzi na kujitapa nalo aaibishwe mbele ya watu. Wanangu nao nimewaambia, wimbo mnaopelekeana mtajeni aliyeutunga. Lakini nyinyi mnaokaa vikao, kabla hamjaandika adhabu inayoingia nyumba nzima, ulizeni nani amelala humo ndani, na ana hali gani. Mimi sikuwa mwanamke wa kumziba mtoto pumzi. Nilikuwa nimekaa Uwenyewe siku chache tu.

Mjukuu wangu sasa ana miezi saba. Ana afya, ananyonya, anakaa. Wenzangu hapa Muheza wananisifu, wanasema, Mama Semeni, una mjukuu mtulivu, hata hasumbui. Hawajui. Mtoto huyu akitaka kulia, kwanza anautazama mkono wangu.